Marehemu wa Mazoezi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepanda ndege mara arobaini na moja. Mtaa mzima hakuna mzee mwingine wa kusema hivyo. Wanaojidai wasafiri wamefika mwisho wa barabara ya basi wakageuza.

Haya, niseme kweli kabla wino haujakauka, maana daftari hili litasomwa na Mkufunzi mwisho wa masika, na yule mama ana macho ya kutoboa ukuta. Ndege haijaacha ardhi hata mara moja nikiwa ndani. Napakiwa nimefungwa mikanda kwenye machela kama mzigo wa magodoro, nahesabiwa pumzi, nakufa au napona kulingana na somo la siku hiyo, kisha nashushwa palepale nilipopandia.

Ndiyo kazi yangu. Kituo chetu kinafundisha wauguzi wa ndege ya wagonjwa, na hawawezi kuanza kujifunzia kwa mgonjwa wa kweli, kwa sababu wa kweli ana haraka. Zamani nilikuwa nafagia banda la ndege. Siku moja yule waliyekuwa wanamlaza akaingia mitini, nikaambiwa, Mzee, hebu lala hapa kidogo. Nikalala. Tangu hapo jina langu ni Marehemu. Asubuhi utasikia mtu anaita kutoka mlangoni, "Marehemu, chai tayari."

Leo Mkufunzi amegawa madaftari. Kila mtu wa timu aandike anayoyaona msimu huu wa mvua, maana mvua ndiyo inayokwamisha watu na ndiyo inayoleta makosa. Nikamwambia mimi niliishia darasa la tano, mimi na mwalimu wa hesabu tulishindwana tabia. Akasema, "Andika hivyo hivyo. Hata maiti wana la kusema."

Sikujua kama anaweza kutania.

Jumatano, 5 Machi

Mvua bado. Nimekufa mara mbili, kwa kuvuja damu na kwa kuumwa na nyoka. Cha nyoka nilikipamba sana.

Jumanne, 11 Machi

Wanafunzi wako watano. Mmoja ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, niliyemlea tangu hajaota meno. Nyumbani namwita Mchumba, naye ananiita mume wangu mzee. Kazini ananiita Mgonjwa, na hanichekei hata kidogo.

Leo lilikuwa somo la kelele. Rubani, ambaye ni mkimya mpaka tunamwita Bubu, aliwasha injini ndege ikiwa imesimama, wanafunzi wakaambiwa wanipime. Humo ndani kile kifaa chao cha masikioni hakisikii chochote, ni ngurumo tupu. Inabidi waweke kiganja kifuani, macho kwenye mdomo wa mgonjwa, wahesabu kwa mkono. Mwanafunzi mmoja mnene alihesabu mapigo yake mwenyewe kwa woga, akatangaza kwamba moyo wangu unakimbia kama wa mwizi.

Mchumba alituliza kiganja dakika nzima. Tuliposhuka akanivuta kando.

"Babu, moyo wako unaruka pigo. Tangu lini?"

"Tangu nimwone bibi yako."

"Nauliza kweli."

"Na mimi nimekujibu kweli."

Akaniangalia mpaka nikajisikia vibaya, kisha akaondoka na fomu yake. Akifaulu mwezi wa tano atabandikwa beji ya mabawa kifuani, naye kila jioni anapitisha pasi kwenye ile sare kana kwamba mabawa yameshafika.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana. Chini ya bati la banda watu wanaongea kwa mikono.

Alhamisi, 20 Machi

Leo tumekwenda kijiji cha ng'ambo ya mto kufundisha wananchi. Daraja likikatika huko hakuna njia ila ya juu, na uwanja wao wa ndege ni malisho marefu yaliyofyekwa, basi.

Mkufunzi aliwaeleza hivi, nami naandika kwa sababu nimelisikia somo hili mpaka nalikoroma. Mkishaita ndege, mtu mmoja atembee uwanja wote kutoka mwisho hadi mwisho, na kila hatua kumi apige kisigino kwa nguvu. Kisigino kikizama kupita unene wa kiberiti, ardhi imelowa, ndege isitue. Kama pakavu, na wanyama wameondolewa, tandikeni mashuka manne meupe kwenye pembe nne. Rubani akiyaona anajua uwanja umepimwa na mguu wa mtu. Mtandao wa simu ukikatika, mashuka ndiyo simu.

Kazi zangu zilikuwa mbili: kupiga kisigino na kufa. Kisigino nilikipiga kama askari wa gwaride. Kufa nako, jamani, leo nilijishinda. Nilijibwaga, macho juu, ulimi nje, nikafufuka kuomba chai, nikafa tena. Watu walishika mbavu. Binti mmoja mjamzito alicheka mpaka akajiegemeza kwenye nguzo ya zahanati, mkono tumboni. "Babu," akaniambia, "ukifa tena uniite mapema, nisikose mwanzo."

Mama yake ndiye mwenyekiti wa kamati ya uwanja. Ni fundi cherehani, mwembamba kama sindano yake, na ana maswali ya kuchosha. Shuka likipeperushwa? Jiwe la kulizuia liwe kubwa kiasi gani? Nalo jiwe lisije likaumiza ndege? Kila jibu analirudia kwa midomo bila sauti. Mashuka yenyewe ameyashona pindo mara mbili. Nilimwita moyoni Bibi Mtihani.

Mkufunzi alipokuwa anafunga mabegi, Bibi Mtihani akanifuata mimi, huku watu wamenizunguka wakitaka nife tena.

"Mzee, na kama uwanja umelowa, halafu mgonjwa hawezi kungoja?"

Nikamwambia, "Mama, wewe tandika mashuka yako. Rubani si ana macho? Akiona matope atakwenda zake."

Wakacheka wote. Nikaongeza kwamba ndege na kuku ni kitu kimoja, ukimwaga punje atashuka tu. Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, midomo ikarudia, akaenda.

Tumerudi tope mpaka kwenye nyusi. Siku nzuri sana.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Viatu vimeota ukungu. Nimeungua kwa moto, nikapona.

Jumatano, 2 Aprili

Mkufunzi ameniita pembeni. Anasema nipunguze vichekesho huko vijijini. Watu wanarudi nyumbani na kichekesho, somo wanaliacha uwanjani. Nikamwambia bila mimi hata huko uwanjani wasingefika. Hilo alilijua ni kweli, lakini mdomo aliubana kama mfuko uliovutwa kamba. Roho ya chuma. Nadhani hata chafya huwa anaiandikia ratiba.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua, siku ya tano haijakatika. Daraja la kwenda ng'ambo limechukuliwa na maji.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi simu ilipigwa kutoka ng'ambo. Binti amejifungua alfajiri, mtoto mzima, kondo la nyuma limetoka, damu haikatiki. Mpigaji alitaja jina la mama wa binti, mwenyekiti wa kamati. Ni yule binti wa kwenye nguzo. Mkufunzi akauliza, "Kisigino?" Mtandao ukakatika hapohapo.

Waliondoka saa tatu na nusu: Bubu, Mkufunzi, na Mchumba. Mchumba alipita mbele yangu amebeba begi la dawa, nikamwambia leo umpokee Bubu usukani apumzike. Hakunisikia, au alisikia.

Mimi nilikaa chumba cha redio na mama wa redio. Hakukuwa na kiti cha pili, nikalala kwenye machela ya mazoezi iliyoegeshwa ukutani, ndiyo kitanda changu siku zote. Saa nne Bubu akaongea. Simu ya kijiji bado imekufa. Anaona mashuka manne. Anazunguka mara moja. Anazunguka mara ya pili. Mashuka yamewekewa mawe, uwanja ni majani mazuri. Anashuka.

Kisha kimya, mama wa redio akaita, akaita. Nikaamka nikakaa. Ndipo sauti ya Bubu ikaja, ya taratibu kama anaagiza chai: "Tumelala pua chini. Tuko hai. Msitume ndege nyingine hapa, pamelowa."

Kuanzia hapo mpaka mchana nilisikia kila kitu kidogo kidogo, kama maji yanayodondoka kwenye ndoo. Mkufunzi amepasuka kichwa lakini anafanya kazi. Mjukuu wako, Mzee, ameumia mkono. Damu ya mgonjwa inaendelea. Maji ya mshipani yamebaki chupa mbili. Gari limejaribu upande wa juu limeshindwa. Mashua inatafutwa. Imebaki chupa moja. Mashua imepatikana, haina injini.

Saa tisa na robo mchana Mkufunzi mwenyewe akashika redio. Akasema, "Mgonjwa amefariki. Mtoto ni mzima." Akasema na saa, dakika, kama fomu inavyotaka. Halafu akasahau kuachia kitufe, tukamsikia anahema.

Sijui niandike nini zaidi. Mvua ilikuwa imekatika. Jua lilikuwa linawaka vizuri kabisa.

Jumamosi, 12 Aprili

Wameletwa kwa mashua, kisha kwa gari. Nilikwenda hospitali. Mchumba amefungwa mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Mtungi wa oksijeni ulikata mkanda wake ndege ilipodidimia, ukamwangukia vidoleni. Ananuka matope na dawa. Nilikuwa nimeandaa utani njiani, nilipomwona ukanikauka.

Akanisimulia mwenyewe, akiangalia dari.

"Tulimlaza kwenye jamvi palepale chini ya bawa, Babu. Kizazi kilikuwa hakikazi. Mkufunzi akaniambia nikande tumbo bila kuacha. Nilikanda kwa mkono mmoja muda wa saa tano. Nikichoka nalalia kwa kiwiko. Mama yake akawa anabana chupa ya maji kwapani ili iende haraka, jinsi tulivyowafundisha. Hakuna alichosahau yule mama. Hakuna."

"Na mgonjwa?"

"Mwanzo aliongea. Alitaka kujua kama mtoto ana nywele. Baadaye akawa mpole. Wanakuwa wapole, Babu. Hawapigi kelele kama wewe."

Nikamwekea mto vizuri.

"Nilimwuliza mama yake kwa nini alitandika mashuka," akaendelea. "Akasema, 'Nilitandika mjue tupo. Nilijua mtaangalia wenyewe.' Nikamwuliza nani alimwambia hivyo. Hakunijibu. Nikarudia. Akageukia mwanawe."

Nikainama kufunga kamba za kiatu. Kiatu changu hakina kamba.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimesoma ukurasa wa tarehe ishirini Machi. Nimeusoma nimesimama, nimeusoma nimekaa. Nimeandika pale mwenyewe, kwa mwandiko wa mtu aliyeshiba sifa, "Rubani si ana macho."

Ukurasa mmoja kuuchana si kazi. Daftari lina kurasa themanini, nani atahesabu.

Jumanne, 15 Aprili

Ukurasa bado upo.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo daktari amemkata Mchumba vidole viwili, cha mwisho na cha pete, mkono wa kushoto. Alipozinduka akauliza wamebakiza vingapi. Nikamwambia vitatu. Akavihesabu mwenyewe, hakuniamini. Ana haki.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua asubuhi, mvua jioni. Katikati maneno.

Kituoni hawazungumzi kingine. Tarehe tisa mwezi ujao kutakuwa na kikao cha uchunguzi, na ofisi imependekeza kijiji cha ng'ambo kifutwe kwenye orodha. Waliotandika mashuka ya uongo hawaaminiki, ndege isiende tena. Ni watu wangapi kule, na mto ukijaa wana nini kingine? Nimeuliza hivyo jikoni wakati wa chai. Yule mwanafunzi mnene akasema, akipuliza kikombe, "Sasa Marehemu, tufanye nini? Yule mama amemuua mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, na karibu atuulie na mjukuu wako."

Wengine wakaitikia.

Kinywani nilikuwa na mkate. Niliutafuna mpaka ukawa maji, nikaendelea kutafuna.

Kikao hicho kikipita bila mimi kusema kitu, mama yule atabaki na maiti ya mwanawe na lawama zangu juu yake, na kijiji kizima kitabaki bila ndege. Nikisema, Mchumba atajua vidole vyake vilikwenda kwa kicheko cha nani. Nimeandika hivi ili nikikuta nimejisahaulisha nijisome.

Jumatano, 23 Aprili

Ukurasa upo. Nimeukunja pembe, halafu nimeukunjua.

Jumatatu, 28 Aprili

Bubu alikuja kukaa nami kwenye benchi la banda. Tulitazama mvua. Nikadhani ndiyo mazungumzo yenyewe. Baada ya muda mrefu akasema:

"Majani yalikuwa mazuri sana, Mzee. Ukiwa juu, maji yaliyo chini ya majani huyaoni. Yanang'aa kijani tu. Hata ukizunguka mara kumi. Ndiyo maana tunataka kisigino cha mtu."

Yote aliyonena miaka mitatu ukiyajumlisha hayafiki hapo. Kisha akaniuliza kama naumwa, kwa sababu nimejikunyata. Nikasema ni baridi.

Jumatano, 30 Aprili

Mkufunzi amerudi kazini na nyuzi tisa kwenye paji la uso. Somo: mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Nikalala. Wanafunzi wanne wakanizunguka wakingoja nianze vituko vyangu. Sikulia, sikugeuza macho. Nililala nikitazama bati, nikawa mpole.

Mwanafunzi mnene akatulia, akaanza kukanda. Mkufunzi alisimama miguuni pangu muda mrefu. Akasema, "Leo umekufa kama wanavyokufa." Nilimtazama kutoka chini nikaona kidevu chake kinacheza. Nilikuwa namwita mwanamke huyu roho ya chuma. Kumbe ni mtu anayejibana asimwagike mbele za watu, kazi imalizike kwanza.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwambia Mchumba.

Tulikuwa uani, mchana. Namenya viazi, maana yeye bado hawezi kushika kiazi kwa ule mkono. Alikuwa anafanya mazoezi aliyopewa, kufungua na kufunga kizibo cha chupa kwa vidole vitatu. Kizibo kikianguka anakiokota bila kusema.

"Yule mama wa cherehani," nikasema, "aliyemwambia kwamba rubani ataangalia mwenyewe ni mimi."

Kizibo kikasimama.

"Lini?"

"Siku ile ile tuliyofundisha. Mkufunzi alikuwa anafunga mabegi."

"Alikuuliza nini hasa?"

Nikamwambia neno kwa neno. Sikuhitaji daftari.

"Na wewe ndiyo ukamjibu hivyo."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Babu? Unajua somo lote. Unalijua kuliko mimi."

Nilitafuta jibu lenye heshima. Nimekula chumvi nyingi, ungedhani lingepatikana hata moja. Halikuwepo.

"Watu walikuwa wanacheka," nikasema.

Akautazama mkono wake. Akaniangalia mimi. Nilitamani anitukane. Aliinuka, akaokota kizibo, akafunga chupa, kilimchukua muda, nami sikuthubutu kumsaidia. Akaingia ndani, akafunga mlango polepole kama unavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Viazi nimevimenya vyote. Hakuna aliyekula.

Jumatano, 7 Mei

Hatuongei. Ananiachia chai mezani imefunikwa. Ukurasa upo.

Ijumaa, 9 Mei

Kikao kilikuwa chumba cha mafunzo, meza ndefu, watu watano nyuma yake, mwenyekiti wao mwenye kalamu mbili mfukoni. Mama wa Cherehani alikaa kiti cha peke yake mbele, mjukuu wake mgongoni, amelala. Amekonda mpaka nguo aliyojishonea mwenyewe haimtambui. Mkufunzi na Bubu walikaa pembeni. Mchumba alikuwa mlangoni, amesimama.

Niliingia bila kubisha. Mwenyekiti akasema, "Mzee, hujaitwa."

"Najua. Marehemu haitwi, hujitokea tu."

Hakuna aliyecheka, hata kikohozi. Ndiyo mara ya kwanza maishani nikashukuru.

Nikaweka daftari mezani, nikasema lisomwe tarehe ishirini Machi, kisha waamue. Mwenyekiti akamsukumia Mkufunzi, maana ndiye aliyeyagawa madaftari. Mkufunzi akapapasa mfukoni, akakumbuka miwani yake ilivunjikia ndegeni. Nikavua yangu, nikampa. Akaanza kusoma kwa sauti, ila alifungua ukurasa usio wenyewe, akasoma, "Roho ya chuma. Nadhani hata chafya..." Akasimama. Akalamba kidole, akarudisha kurasa nyuma.

Akasoma yote. Kisigino cha gwaride, binti kwenye nguzo, Bibi Mtihani, punje na kuku. Aliposoma "siku nzuri sana" sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Mwenyekiti akamgeukia Mama wa Cherehani. "Mbona hukusema kwamba uliambiwa na mtu wetu?"

Akajibu bila kunitazama. "Nilipiga kisigino. Kilizama mpaka kwenye kifundo. Mashuka niliyatandika mimi, si yeye."

"Lakini uliambiwa."

"Niliambiwa nilichotaka kusikia. Mwanangu alikuwa anakufa."

Mtoto akaamka mgongoni, akalia. Nywele anazo, nyingi. Kikao kikamngoja anyamaze.

Uamuzi umetoka saa nane. Kijiji hakifutwi, wafundishwe upya uwanja ukikauka, na mtu wa timu asijibu swali la uwanja pasipo mkufunzi. Mimi nisiende tena kijijini, na machelani nisilale tena. Mwenyekiti aliuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo, la kuchekesha kweli, lilikuja lenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza, nikachukua daftari langu.

Nje Mchumba alinipita, akasimama hatua mbili mbele, mgongo kwangu. "Twende nyumbani, Babu," akasema. Hakuniita mume wake mzee. Tulitembea njia nzima hivyo, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumatatu, 12 Mei

Hawakumbandika mabawa. Mkono utapimwa tena baada ya miezi sita. Kwa sasa atafundisha wananchi, chini. Amepiga pasi sare vilevile.

Jumatano, 21 Mei

Mvua imekwisha, siku ya nne jua. Naandika kwa herufi kubwa, tangu usiku wa kikao, kwa sababu ninazoziona ni hizo tu. Ukurasa huu naukata, Mchumba akupelekee, Mkufunzi, kwa hiyo usomaji wako wa mwisho wa masika uishie hapa hapa.

Jana alikwenda ng'ambo kufundisha upya. Anasema walitembea uwanja mzima pamoja na Mama wa Cherehani, wote wawili wakipiga visigino, watu wakifuata nyuma, na hakuna aliyecheka wala aliyehitaji kuchekeshwa. Mashuka ni mapya. Yale ya kwanza alimzikia mwanawe.

Wakati wa kuondoka yule mama akampa karatasi, akasema ni ya Mzee. Imekunjwa mara nne na kushonwa pembe zote kwa cherehani, uzi mweupe, mshono mdogo mdogo, jinsi anavyoshona kitu kisifunguke njiani. Mchumba ameiweka mezani karibu na chai yangu. Akaniuliza kama anisomee. Nikamwambia hapana. Akauliza, "Unaogopa?" Nikamwambia ndiyo. Ni moja ya majibu yangu machache kwake bila mzaha tangu azaliwe, naye alikaa akalinywea chai.

Mshono nimeshaufumua kwa ncha ya kisu. Imechukua asubuhi nzima, sikutaka kuchana hata herufi moja. Karatasi iko wazi mbele yangu, imejaa pande zote mbili, nami naona wino tu, kama mvua inayonyesha mbali.

Siku ya kikao uliondoka na miwani yangu, Mkufunzi. Najua ulikuwa na mengi. Sikukupa, nilikuazima, na wewe si mtu wa kukaa na kitu cha mtu. Naomba unirudishie. Hata kesho asubuhi, mpe Mchumba aje nayo.